Kaka yangu asema ukandaji wangu ni uongo. Je, ninakula haramu?

Assalaam aleikum mama,

Mimi ni mwanamke wa Langoni, Lamu mjini. Nimeolewa, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni kukanda. Kazi hii niliipata kwa bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiitwa nyumba hata nyumba, kutoka Mkomani mpaka Shela, na mara nyingine ikiletwa boti kumchukua kumpeleka Matondoni. Nakanda wanawake na watoto tu. Wateja wangu wengi ni washona kofia wenye shingo zilizokaza kwa kuinamia sindano, wasuka ukili wanaoumwa viuno, wazazi walio katika arubaini, na maharusi ambao huwasinga kabla ya siku yao.

Kaka yangu anasomea utabibu Mombasa. Likizo hii alinisikia nikimwambia mteja mmoja kwamba pingili ya mgongo wake ilikuwa imetoka mahali pake na nimeirudisha. Mgeni alipoondoka, kaka akaniambia mbele ya mama: "Huu ni uongo. Hakuna pingili iliyotoka wala iliyorudi. Unachukua pesa za watu kwa maneno matupu." Mama alimkasirikia sana, na tangu siku hiyo wanazungumza kwa shida. Mimi sikukasirika, niliingiwa na hofu. Bibi alikuwa akinikanya kwamba pesa isiyo halali huondoa baraka nyumbani. Lakini kwa macho yangu naona watu wanaingia wamejikunja na kutoka wamenyooka. Wengine hulala usingizi mkono wangu ukiwa bado mgongoni mwao. Sasa ukweli ni upi? Je, kukanda kunaufaa mwili kweli, au watu wanafarijika tu kwa sababu wanataka kuamini?

Nina mambo mengine mawili yananikosesha raha. Kuna mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, naye namkanda kwa maji ya moto kila jioni. Tangu juzi mguu wake wa kushoto umevimba chini ya goti kuliko wa kulia, una moto, na nikiubonyeza anaruka. Mama mkwe wake anasema ni baridi ya uzazi na nizidishe nguvu. Mwingine ni mja mzito wa miezi minane. Kliniki wamemwambia mtoto amekaa, kichwa kiko juu, naye anataka nimgeuze kama bibi alivyokuwa akigeuza. Bibi aligeuza kweli, lakini mimi hakuwahi kunifundisha hilo vizuri.

Niache kazi hii? Na kama nitaendelea, nimkatae nani? Pia kidole gumba changu cha kulia siku hizi kinaniuma nikishamaliza mtu wa pili.

Mkandaji wa Langoni

—

Wa aleikum salaam mwanangu,

Mguu wa yule mzazi haukungoja safu hii. Nilikupigia simu siku ile ile barua ilipofika, na namshukuru Mungu kwamba mumewe alimpeleka hospitali kabla usiku haujaingia. Nalirudia hapa kwa sababu wako wakandaji wengine watakaosoma, na wako mama wakwe watakaosema "zidisha nguvu".

Mwanamke anapokuwa mja mzito, damu yake huganda kwa urahisi zaidi. Ni kinga aliyojaaliwa, asipoteze damu nyingi siku ya kuzaa. Hali hiyo haiishi siku ile ile. Hatari yake hubaki kubwa kwa muda wa wiki sita hivi baada ya kujifungua, yaani hizo hizo siku za arubaini ambazo sisi humlaza mzazi kitandani na kumzuia kutembea. Damu ikiganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, mguu mmoja huvimba, ukawa na moto na maumivu. Ukiukanda, kipande cha damu iliyoganda kinaweza kukatika, kikapita moyoni na kwenda kuziba mapafu, na mtu akafa muda si muda. Kwa hiyo mguu mmoja uliovimba hivyo haukandwi, haumwagiwi maji ya moto, wala haufungwi kitambaa. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa, hata kama ni lazima kukodi boti. Na mzazi aliye mzima na atembee ndani ya nyumba tangu siku za mwanzo, huku na huku, kwani kutembea ni kinga yake.

Sasa nije kwa kaka yako.

Kuhusu pingili, amesema kweli. Pingili za uti wa mgongo zimeshikwa na kano ngumu na misuli mingi, hazihami kwa kuinama kuosha vyombo wala hazirudi kwa kusukumwa na kiganja. Pingili iliyotoka kweli ni ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au aliyegongwa na pikipiki, na huyo hatakuja kwako kwa miguu yake. Ule mlio unaousikia ukibonyeza mgongo ni hewa katika majimaji ya kiungo. Si mfupa unaorudi mahali pake.

Lakini aliposema kwamba unachukua pesa kwa maneno matupu, hapo amekosea, na kosa lake ni kubwa kuliko lako. Maneno yako ndiyo yenye kasoro. Mikono yako inafanya kazi ya kweli, nami nitakuonyesha kwa ushahidi ambao yeye mwenyewe anaweza kuutafuta huko chuoni kwake.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington, Marekani, kwa watu 401 waliokuwa na maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walikandwa kwa ufundi wa kulenga misuli na viungo vilivyodhaniwa kuwa ndivyo chanzo cha maumivu. La pili walikandwa kwa kutulizwa tu, mwili mzima, bila kulenga kitu. La tatu waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Waliokandwa walikandwa mara moja kwa wiki, wiki 10. Mwisho wake, katika mafungu yote mawili ya kukandwa, zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu alisema maumivu yamepungua sana au yamekwisha. Katika fungu la matibabu ya kawaida alikuwa mmoja katika 25.

Tazama mambo mawili hapo, mwanangu. La kwanza, kukandwa kulisaidia, na si kidogo. La pili, wale waliolengwa "penye ugonjwa" na wale waliotulizwa tu hawakupishana kwa kiasi cha kutajwa. Kama siri ingekuwa ni kurudisha kitu mahali pake, fungu la kwanza lingelishinda la pili mbali sana. Lipo na la tatu ambalo sitaki ulifiche kwa wateja wako: baada ya mwaka mmoja, tofauti kubwa ile ilikuwa imefifia. Nafuu ya kukandwa ni ya kweli, na ina mwisho wake. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio 25 ya kukanda kiuno, wakaona picha hiyo hiyo: maumivu hupungua kwa muda mfupi. Wakasema pia kwamba mengi ya majaribio hayo ni dhaifu na hayatoshi kujengea imani kubwa. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliweka kukandwa miongoni mwa vitu ambavyo mgonjwa anaweza kupewa, pamoja na mazoezi na kuelimishwa kuhusu mgongo wake. Kwa hiyo kaka yako akikuambia "ni imani tu", mwulize kama ameusoma mwongozo huo.

Basi ikiwa pingili hairudi, ni nini kinachotokea chini ya kiganja chako?

Sehemu kubwa hutokea kwenye neva. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo habari ya maumivu haipiti tu ikafika kwenye ubongo, bali hupita kama penye mlango. Neva nene zinazobeba habari ya mguso na mgandamizo zikifanya kazi kwa wingi, mlango huo huelekea kufungwa, na maumivu yanayofika juu yanapungua. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti, mkono wake huenda wenyewe kulisugua. Yamegunduliwa mengine baada ya hapo, na kaka yako atakuambia kwamba maelezo ya mwanzo yalikuwa mepesi mno, lakini msingi wake umesimama. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi, yaani vihisi vidogo vya neva, ambavyo mwili hutumia kuhisi joto na mguso. Joto na mguso, mwanangu. Yaani mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kiganja cha mkono.

Zipo pia neva nyembamba katika ngozi yenye vinyweleo ambazo hazijali kubonyezwa kwa nguvu. Zinaitikia mkono unaopita polepole, na watafiti wa Sweden walipozipima waliona zinaamka zaidi pale mkono unapopita sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Habari zake haziendi kueleza mkono uko wapi, zinakwenda pale ubongo unapohisi raha na utulivu. Mtazame mkandaji mzuri anavyopitisha mkono mgongoni, utaona ndio mwendo wake, na hakuna aliyempimia. Wateja wako wanaolala usingizi mikononi mwako hawajadanganywa. Mwili umeambiwa kwa lugha yake kwamba hakuna hatari, nao ukalegea.

Misuli nayo ina fungu lake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli mpaka wakaishiwa nguvu, kisha wakawakanda mguu mmoja tu kwa dakika 10 na kuuacha wa pili. Wakachukua vipande vidogo vya nyama ya miguu yote miwili na kuvipima. Katika mguu uliokandwa dalili za uvimbe ndani ya misuli zilikuwa zimepungua, na kulikuwa na ishara za misuli kujijenga. Lakini ile asidi ambayo watu husema kukanda huiondoa ilikuwa sawa miguu yote. Hivyo acha kabisa kuwaambia watu kwamba unatoa sumu au damu mbaya. Sumu za mwili zina ini na figo za kuzishughulikia.

Na kuna moyo wa mtu, ambao mimi nauona ndio fungu kubwa kuliko yote. Mwaka 2004 zilipochambuliwa tafiti 37 za ukandaji kwa pamoja, mahali ambapo faida ilionekana kwa nguvu zaidi ni kupungua kwa wasiwasi na huzuni kwa watu waliokandwa mara kadhaa. Sikushangaa hata kidogo. Mfikirie mshona kofia wako. Ameamka alfajiri, amepika, amepeleka watoto shule na madrasa, ameinamia sindano mpaka macho yanauma kwa kofia itakayouzwa na mtu mwingine kwa bei nzuri kuliko aliyolipwa yeye. Siku nzima kila anayemgusa anataka kitu kwake. Kisha analala kwenye mkeka wako, na kwa muda wa nusu saa kuna mtu anayemgusa bila kumdai chochote. Mwanamke wa namna hiyo akiinuka na machozi, usimwambie ni mishipa iliyokuwa imefungana. Mpe maji anywe, na kama ana la kusema, msikilize.

Ukitaka hoja ya kumtuliza mama yako, mwambie kwamba Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kukanda katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Alieleza kwamba kukanda kwa nguvu hukaza mwili, kwa upole huulegeza, na kwa muda mrefu huupunguza. Hakuiona kuwa kazi ya kudharauliwa, na kaka yako hana sababu ya kuiona hivyo.

Sasa swali lako la halali. Hukumu ya dini umwulize mwanachuoni, mimi si mmoja wao. Ninaloweza kukuambia ni kwamba unauza nafuu, na nafuu hiyo unayo. Kilichoiharibu biashara yako ni kuisifu kwa sifa isiyo yake. Ukiondoa hiyo, sioni uongo uliobaki. Mteja mwingine akija, mwambie hivi: "Misuli yako imekaza kwa kuinama. Nitailegeza na utapata nafuu, pengine siku mbili, pengine wiki. Ikiwa unataka idumu, itabidi ubadilishe unavyokaa na unavyotembea." Utaogopa kwamba watakukimbia. Sidhani. Mtu aliyepata usingizi mzuri jana usiku hahitaji kuambiwa pingili imerudi.

Na hilo la mwisho lifanye kuwa sehemu ya kazi yako, maana ndilo linalopotea zaidi. Mteja anainuka ana nafuu, anarudi palepale alipoumia, wiki ijayo amekuja tena. Ile siku mbili tatu ambayo mwili umelegea ndiyo nafasi ya kuutembeza. Mshona kofia aweke mto mapajani, kazi ije juu kwenye macho badala ya shingo kuifuata chini. Ainuke kila baada ya muda, azungushe mabega, atembee mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi. Msuka ukili abadilishe anavyokaa, mara akunje mguu huu, mara ule, mara aegemee ukuta. Ukimfundisha hayo huku ukimkanda, atakuhitaji mara chache zaidi na atakusifu kwa watu zaidi.

Kuhusu nani umkatae, nitakueleza kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo mkandaji anaweza kuua bila kukusudia. Mtu mwenye homa usimkande. Mahali palipovimba, penye moto na wekundu, pana usaha au pana jeraha, usipaguse. Aliyeanguka na hajapigwa picha, hasa mzee ambaye mifupa imepungua nguvu, mpeleke kwanza. Uvimbe kwenye ziwa, shingoni au tumboni usiubonyeze, na mwambie bila kumtisha aende akaangaliwe mapema. Mwenye kisukari mara nyingi miguu yake haihisi vizuri, kwa hiyo maji unayoona wewe ni ya uvuguvugu yanaweza kumbabua asijue. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa mkono wa nguvu. Mwenye presha unaweza kumkanda kwa upole, lakini asikie kutoka kwako kwamba vidonge vyake haviachwi. Aliyepatwa na kiharusi usimvute mkono uliolegea, kwani bega lake hutoka kirahisi. Shingo ya mtu yeyote usiizungushe kwa ghafla mpaka ilie. Ndani yake mna mishipa ya damu inayokwenda ubongoni, na ikipasuka kwa ndani huwezi kujua.

Mtoto au mtu mzima mwenye tumbo linalouma sana, akitapika au akiwa na homa, hakuna kukanda tumbo. Inaweza kuwa kidole tumbo, na kila saa ina thamani.

Na ule mgongo wenyewe, ambao ndio riziki yako, una ishara za kukutaka uinue mikono. Mguu kupoteza nguvu. Ganzi pale mtu anapokalia. Mkojo au choo kutoka bila habari, au mkojo kukataa kutoka. Hizo ni za hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yasiyopoa hata usiku, pamoja na kukonda na jasho la usiku na homa za jioni, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia mgongoni. Kina dawa, nacho huharibu pingili kweli kama kikiachwa kwa mkandaji. Mwambie mteja wa namna hiyo maneno haya haya, kisha umsindikize. Pia usijiite daktari wala mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi hiyo ina sheria yake Kenya tangu mwaka 2014 na wenyewe husajiliwa. Wewe ni mkandaji, na jina hilo linatosha.

Sasa yule mama wa miezi minane. Usimgeuze mtoto. Namheshimu bibi yako, na pengine wengi aliowagusa walizaa salama, lakini wengi wa watoto hao wangegeuka wenyewe, kwa sababu kwenye mwezi wa nane mtoto bado ana nafasi na mara nyingi hugeuka bila kusaidiwa. Ukisukuma tumbo kwa nguvu, kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikamwagika kwa ndani. Kama aliwahi kuzaa kwa upasuaji, kovu la mji wa mimba linaweza kupasuka. Madaktari nao hugeuza, lakini hungoja kama wiki ya 37, baada ya skani kuonyesha kondo liko wapi, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Nenda naye kliniki siku yake ijayo, mkaulize kwa pamoja kama inawezekana kufanyiwa hivyo na wapi. Kisha mpange mapema atazaa wapi, maana mtoto aliyekaa si wa kuzaliwa nyumbani, na anayeishi kisiwani hawezi kungoja uchungu ndipo atafute boti.

Hilo halina maana huna la kumfanyia. Mlaze ubavu, mto kati ya magoti, umkande kiuno na mabega kwa upole, tumbo uliache. Na siku ya uchungu, kama hospitali itakuruhusu kuwa naye, mkande kiuno chini kabisa kila uchungu unapopanda. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu uzazi limetaja kukanda na kitambaa cha moto kuwa njia za kumpunguzia maumivu mwanamke anayetaka. Hapo mkono wako una thamani ambayo mkunga mmoja mwenye wazazi watatu chumbani hana muda wa kuitoa.

Wazazi wa arubaini waendelee kupata maji yao ya moto, ila uyapime kwa kiwiko chako kwanza. Aliyezaa kwa upasuaji tumbo lisikandwe wala lisibanwe mpaka hospitali waseme. Watoto wachanga wapake mafuta taratibu baada ya kuoga, wanafaidi joto na mguso. Usiwavute mikono, usiwaning'inize miguu juu, usibonyeze utosi.

Kuhusu kaka, nina ombi. Kabla likizo yake haijaisha, mkaribishe akae nawe jioni moja, umsomee hizi ishara nilizozitaja, akusahihishe na akuongezee. Mwambie pia akufundishe kupima presha. Anachokijua yeye ndicho kinachopungua katika kazi yako. Naye atajifunza kwako namna ya kumgusa mgonjwa asiogope, jambo ambalo daktari anaweza kumaliza masomo bila kulipata. Mama akiwaona mmekaa pamoja, hasira yake itapoa bila msuluhishi.

Kidole gumba chako kinalalamika kwa haki. Kiungo kilicho chini yake, karibu na kifundo cha mkono, huchakaa haraka kwa wakandaji. Acha kubonyeza kwa ncha ya kidole. Tumia kisigino cha mkono, ngumi iliyolegezwa, na kwa migongo mipana tumia mkono wako kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Nguvu itoke kwenye uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka na wewe ukiegemea mbele, si kwenye vidole. Ikiwa unakanda mtu sakafuni, piga magoti juu ya mto karibu naye kabisa badala ya kumwinamia kwa mbali. Pumzika vya kutosha kati ya mteja na mteja. Na kama vidole vitaanza kufa ganzi usiku, hasa gumba na viwili vinavyofuata, usingoje kama wateja wako wanavyongoja. Nenda hospitali ya kaunti uulizie kitengo cha fiziotherapia, neva inayopita kwenye kifundo cha mkono huenda imebanwa, na ikishughulikiwa mapema hupona.